Jumatatu Baghdad, Jumatano Dubai: wiki moja ya majira ya machipuko jangwani

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 16 Mei 2022, wakaazi wa Baghdad waliamka wakakuta mbingu imegeuka rangi ya chungwa. Uwanja wa ndege wa mji huo ulifungwa, pamoja na viwanja vya Najaf na Sulaymaniyah. Serikali ya Iraq iliamuru ofisi za umma zifungwe isipokuwa zile za afya na usalama, na mitihani ikaahirishwa. Kwa mujibu wa wizara ya afya ya nchi hiyo, takribani watu 4,000 walifikishwa hospitalini siku hiyo kwa shida ya kupumua.

Siku hiyo hiyo Kuwait ilisitisha kwa muda safari za ndege. Jumanne vumbi lilitanda juu ya Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia, na hospitali za huko zikapokea watu zaidi ya 1,200 wenye matatizo ya kupumua. Jumatano ikawa zamu ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Mjini Dubai, jengo la Burj Khalifa lenye urefu wa mita 828, ambalo kwa kawaida huonekana kutoka mbali sana, lilitoweka nyuma ya pazia la kijivu.

Ukiitazama ramani, mwendo huo si wa kubahatisha. Vumbi lilitoka kaskazini-magharibi likashuka kuelekea kusini-mashariki, kituo baada ya kituo, kama msafara unaojua njia yake. Kwa mtu aliyekuwa Abu Dhabi siku ile, habari ya Jumatatu kutoka Baghdad haikuwa habari ya mbali. Ilikuwa utabiri wa Jumatano yake, uliomfikia siku mbili kabla. Makala haya yanaeleza jinsi wiki ya namna hiyo inavyojengeka, siku hata siku, na kwa nini anayeujua mpangilio wake anaweza kuyalinda mapafu yake na ya watoto wake.

Majira yaliyo kati ya pepo mbili

Wazee wa pwani ya Afrika Mashariki waliugawa mwaka kwa pepo. Kaskazi iliwaleta wageni kwa majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, na kusi iliwarudisha makwao. Katikati kulikuwa na kipindi kisichotabirika, ambacho mabaharia walikiita tanga mbili au maleleji, upepo unapogeuka leo huku na kesho kule. Miongoni mwa majahazi hayo yalikuwamo ya Kuwait, yaliyopakia boriti za mikoko za Lamu na delta ya Rufiji ili kuezekea nyumba katika nchi isiyo na miti. Manahodha wake, baada ya kupanda na kusi hadi Uarabuni, walijua kwamba ndani ya Ghuba upepo mwingine kabisa ungewapiga usoni.

Upepo huo ni shamali. Neno hilo ni la Kiarabu na maana yake ni kaskazini, ingawa kwa kawaida upepo wenyewe huvuma kutoka kaskazini-magharibi. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi katikati ya Septemba, shamali huvuma Iraq na Ghuba kwa ukawaida kiasi cha watu kuuzoea. Wakati wa baridi huja kwa vishindo vifupi. Lakini kati ya Machi na Mei jangwa hilo nalo huwa na tanga mbili yake. Ardhi imeshaanza kuchomwa na jua, ilhali juu angani hewa baridi bado inashuka kutoka upande wa Bahari ya Mediterania. Joto la chini na baridi ya juu haziwezi kukaa pamoja kwa amani. Kila mara mgandamizo mdogo wa hewa unapopita kutoka magharibi kwenda mashariki, pepo hugeuka, mawingu hujengeka na vumbi hupanda. Mara nyingi mzunguko huo huchukua siku chache, karibu wiki nzima.

Siku mbili za mwanzo: upepo wa kusini

Wiki huanza kwa upole unaodanganya. Mgandamizo mdogo wa hewa ungali mbali, juu ya Syria au magharibi mwa Iraq, lakini umeshaanza kuivuta hewa kutoka kusini. Nchini Iraq upepo huu wa kusini na kusini-mashariki huitwa sharki. Huvuma hasa kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, kisha hurejea mwishoni mwa Septemba, na huweza kufikia kasi ya kilomita 80 kwa saa. Ndani ya nchi ni mkavu na hubeba vumbi. Karibu na bahari, upepo wa upande huo, ambao mabaharia wa Ghuba huuita kausi, huleta unyevunyevu, ukungu wa joto na mawimbi.

Katika siku hizi joto hupanda haraka. Mtu huhisi kwamba kiangazi kimeingia kabla ya wakati wake. Hewa ni nzito, usiku haupoi, na machweo yana rangi ya manjano iliyofifia. Anayezijua dalili husema: upepo huu hautakaa, unamwita mwenzake.

Siku ya tatu: ukuta unaotembea

Mgandamizo mdogo unapokaribia, hewa yenye unyevu kutoka kusini hukutana na hewa baridi ya juu. Mawingu ya radi huinuka alasiri. Watu wa Kuwait huziita dhoruba hizi sarayat, na wanazitarajia kila mwaka kuanzia Aprili hadi Mei. Sifa yake kubwa ni ghafla: anga inaweza kuwa safi saa kumi alasiri, na kabla ya magharibi kukawa na radi, mvua na kiza.

Hatari ya kwanza ya sarayat si mvua bali ni upepo unaoitangulia. Matone yanayoanguka kutoka katika wingu hupita katika hewa kavu sana ya jangwani, na mengi hukauka kabla ya kufika chini. Maji yanapogeuka mvuke huinyang'anya hewa joto lake, kama vile jasho linavyoupoza mwili. Hewa hiyo iliyopoa huwa nzito kuliko ile inayoizunguka, basi huporomoka hadi chini, hujigonga ardhini na kusambaa pande zote kwa kasi. Inapopita juu ya ardhi kavu hukokota vumbi na kulisimamisha kama ukuta. Ukuta huo ndio Waarabu wanaouita habubu, na unaweza kuwa na kimo cha zaidi ya kilomita moja.

Tarehe 25 Machi 2011, ukuta wa namna hii uliifunika Kuwait na kuugeuza mchana kuwa usiku kwa muda mfupi. Miaka miwili kabla yake, tarehe 10 Machi 2009, vumbi lililoifikia Riyadh lilipunguza uwezo wa kuona kiasi cha kuufanya uwanja wa ndege usimamishe safari. Matukio yote mawili yalikuwa ya mwezi Machi, wakati ambao mgeni angedhani ni msimu mzuri wa kutembea.

Kwa dereva, dakika hizi ndizo mbaya kuliko zote. Shirika la Hali ya Hewa Duniani huhesabu kuwa dhoruba ya vumbi pale uwezo wa kuona unaposhuka chini ya kilomita moja. Ndani ya habubu unaweza kushuka hadi mita chache tu. Ajali nyingi hutokea kwa sababu dereva wa mbele anafunga breki katikati ya barabara, na wa nyuma hamwoni. Anayeuona ukuta kwa mbali ana nafasi ya kutoka kabisa nje ya lami na kuusubiri upite. Anayengoja uingie kwanza hana tena nafasi hiyo.

Siku ya nne na ya tano: shamali

Mgandamizo mdogo ukishapita, mlango unafunguka kutoka kaskazini. Hewa kavu na baridi kiasi hushuka kupitia bonde la mito ya Tigris na Euphrates. Upande wa mashariki milima ya Zagros ya Iran inaizuia, upande wa magharibi upo uwanda wa juu wa Bara Arabu, na kati yake hewa haina njia nyingine ila kuufuata mkondo wa Ghuba. Wataalamu wa hali ya hewa hutofautisha shamali za aina mbili zinazofuata mapito kama haya: ile inayodumu saa 24 hadi 36, na ile inayokaa siku tatu hadi tano.

Mchana jua hupasha ardhi, hewa ya moto hupanda, na nafasi yake huchukuliwa na hewa ya juu inayokwenda kasi. Kwa hiyo upepo wa ardhini huwa mkali zaidi adhuhuri na alasiri, kisha hupungua usiku. Mvuvi anayejua jambo hili hutoka usiku na kurudi mapema. Mfanyakazi wa ujenzi, mlinzi wa nje ya lango na mpeleka vyakula kwa pikipiki hawana hiari hiyo, na wengi wao katika miji ya Ghuba ni watu wa Afrika Mashariki na Asia ya Kusini.

Yafaa pia kutofautisha mchanga na vumbi, kwa kuwa watu huvitaja kama kitu kimoja. Chembe za mchanga ni nzito. Upepo huzirusha, zikaruka kidogo na kuanguka, na kwa kawaida hazivuki kimo cha mtu. Lakini kila inapoanguka, chembe ya mchanga huigonga ardhi na kuzipasua chembe ndogo zaidi zilizoshikamana hapo. Hizo ndogo ndizo vumbi. Zikishainuka hazirudi upesi. Hupanda kilomita kadhaa na kusafiri mamia au maelfu ya kilomita.

Hapa ndipo hesabu ya Jumatatu na Jumatano inapoeleweka. Kutoka Baghdad hadi Dubai ni takribani kilomita 1,400 kwa mstari ulionyooka. Upepo wa kilomita 35 kwa saa huumaliza mwendo huo kwa saa 40. Ni kweli kwamba si vumbi lote linaloonekana Dubai limetoka Iraq, kwani njiani shamali hukusanya jingine kutoka Kuwait, mashariki mwa Saudi Arabia na mchanga wa pwani yenyewe. Lakini upepo ni ule ule, na safari ni ile ile.

Siku ya sita na ya saba: utulivu usioaminika

Upepo hatimaye hulegea. Bendera zinalala, mawimbi yanatulia, na joto limeshuka kidogo. Watu hufungua madirisha, hufagia veranda na kuwatoa watoto nje. Kwa mapafu, hilo ni kosa linalorudiwa kila mwaka.

Chembe kubwa huanguka mara tu upepo unapokoma. Zile ndogo kabisa hubaki zinaelea siku moja, mbili, hata tatu. Wataalamu wa afya huzipima kwa mikromita: zilizo chini ya 10 huweza kuingia katika njia ya hewa, na zilizo chini ya 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Kwa kulinganisha, unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Macho hayazioni chembe hizi moja moja. Huonekana kama weupe tu angani, kana kwamba ni ukungu wa kawaida.

Zaidi ya hayo, utulivu wenyewe huzizuia zisiondoke. Upepo unapovuma, angalau huleta hewa mpya. Unapokoma, hewa ya mji husimama pamoja na kila kilichomo, ukiwamo moshi wa magari na viwanda. Ndiyo sababu mwenye pumu anaweza kuvumilia siku ya dhoruba, akiwa amejifungia ndani, kisha akazidiwa siku inayofuata baada ya kuambiwa kwamba mambo yamekwisha.

Wiki ikimalizika, anga hurudi buluu. Kama ni Aprili, huenda mgandamizo mwingine mdogo umeshaanza kujengeka juu ya Mediterania. Mwaka 2022 Iraq ilipigwa na dhoruba moja baada ya nyingine tangu katikati ya Aprili. Ile ya tarehe 5 Mei peke yake iliwafikisha hospitalini zaidi ya watu 5,000, na mmoja akafariki. Siku 11 baadaye ndipo ikaja ile tuliyoanza nayo.

Kwa nini ardhi imelegea

Shamali si mpya, wala vumbi si jipya. Kinachobadilika ni ardhi ambayo upepo unapita juu yake. Udongo wa jangwa ulioachwa peke yake hujitengenezea gamba gumu juu, mithili ya ukoko wa wali, na gamba hilo huzuia chembe zisipeperuke. Magari yanayokatiza ovyo, mifugo iliyozidi na vita hulivunja. Mashamba yaliyokosa maji na kuachwa hayana hata gamba hilo: ni udongo mwepesi uliolimwa kwa miaka, sasa uko wazi bila mzizi wa kuushika.

Iraq ina mengi ya haya kwa pamoja. Maziwa na mabwawa ya asili ya kusini yalikaushwa kwa makusudi miaka ya 1990, na yaliyorejeshwa baada ya 2003 yamepungua tena. Mabwawa yaliyojengwa katika nchi za juu ya mito yamepunguza maji yanayofika chini. Miaka ya kabla ya 2022 ilikuwa ya ukame mkali. Afisa wa wizara ya mazingira ya nchi hiyo alieleza mwaka huo kwamba Iraq ilikuwa ikipata wastani wa siku 272 zenye vumbi kwa mwaka, na kwamba idadi hiyo ingeweza kufikia 300 ifikapo 2050. Mwezi Aprili 2025 dhoruba nyingine ilivifunga viwanja vya ndege vya Najaf na Basra, na zaidi ya watu 1,000 wakatibiwa kwa shida ya kupumua.

Jirani aliye chini ya upepo analipa gharama ya ardhi isiyo yake. Kuwait imeshaliona hilo. Kwa fedha zake, na kwa ushirikiano wa shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, unaendeshwa mradi wa kuishika ardhi kusini mwa Iraq, katika maeneo ambayo vumbi lake hufika Kuwait. Si hisani tupu. Kupanda kichaka upande wa pili wa mpaka ni rahisi kuliko kufunga uwanja wa ndege nyumbani. Umoja wa Mataifa nao umeitenga tarehe 12 Julai kuwa siku ya kupambana na dhoruba za mchanga na vumbi, na miaka ya 2025 hadi 2034 kuwa muongo wa kazi hiyo.

Kuisoma habari ya jirani

Hakuna mamlaka inayoweza kuizuia shamali. Kinachowezekana ni kujua mapema. Tangu 2007 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lina mfumo wa tahadhari za dhoruba za mchanga na vumbi, na kituo chake cha Barcelona hutoa utabiri wa vumbi wa siku tatu kwa Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Ulaya. Idara za hali ya hewa za nchi za Ghuba hutoa tahadhari zao kila siku. Hata asiyekuwa na ramani za kitaalamu ana kipimo kimoja cha kuaminika: habari za nchi iliyo juu ya upepo. Viwanja vya ndege vya Iraq vikifungwa kwa vumbi katika majira haya, Kuwait ina saa chache, Bahrain na Qatar zina siku moja hivi, na Falme za Kiarabu na kaskazini mwa Oman zina siku mbili. Si kila dhoruba hufika mwisho wa njia, lakini anayejiandaa bure hapotezi kitu.

Siku mbili zinatosha kwa mambo ya msingi. Mwenye pumu ahakikishe dawa yake ya kuvuta haijaisha, kwa sababu siku ya dhoruba ndiyo siku ambayo hospitali hujaa. Madirisha yafungwe kabla upepo haujaanza, na matambara yenye unyevu yawekwe chini ya milango. Kitambaa kilicholowa puani na mdomoni husaidia dhidi ya mchanga, lakini dhidi ya vumbi jembamba inahitajika barakoa yenye kuchuja chembe na inayobana vizuri usoni. Wazee, wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa wa moyo wabaki ndani si siku ya upepo tu, bali na siku mbili zinazofuata. Mwenye mfanyakazi anayeshinda nje amfikirie naye, kwani pumzi yake si ya bei ndogo kuliko ya mwenye nyumba.

Radi zikisikika, ikumbukwe kwamba sarayat na dhoruba za Aprili huleta maji pia. Tarehe 14 Aprili 2024, siku chache baada ya sikukuu ya Idi, mafuriko ya ghafla katika mkoa wa Kaskazini Sharqiyah nchini Oman yaliwachukua wanafunzi waliokuwa garini. Siku mbili baadaye mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949 ilinyesha katika Falme za Kiarabu. Bonde lililokuwa kavu asubuhi si barabara alasiri.

Manahodha wa zamani hawakuwa na setilaiti. Walitazama machweo, walipima joto la upepo kwa shavu, na walipoingia bandarini swali lao la kwanza kwa chombo kilichotoka upande wa juu lilikuwa hali ya upepo huko kilikotoka. Swali hilo bado lina faida. Safari hii jibu lake huja kupitia redio na simu, na huja siku mbili kabla ya vumbi lenyewe.